Ukipata jibu la swali lako mwenyewe, rudi uliandike: mwongozo kamili wa kujijibu mtandaoni

Kuna kitu kinauma sana. Umekwama usiku, unasachi, unakutana na mtu aliyeuliza swali lile lile la kwako, eror ile ile neno kwa neno, unashuka chini mbio mbio kutafuta jibu, unakuta yule yule aliyeuliza ameandika "nimeshapata, asanteni". Basi. Hajasema kapata nini wala kafanyaje, na ukiangalia tarehe ni miaka sita iliyopita na akaunti yake haipo tena.

Mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo. Niliuliza swali kuhusu bakapu (nakala ya akiba ya mafaili yangu) iliyokuwa inagoma, nikahangaika nalo siku mbili, nikapata, nikaandika "imekubali sasa, asanteni" nikaondoka zangu. Mwaka na kitu baadaye nikahamia mashine nyingine tatizo likarudi, nikasachi, na kitu cha kwanza kuja ni swali langu mwenyewe na yale maneno yangu matatu chini yake. Jioni nzima ikaisha nikitafuta kitu ambacho nilishakijua. Toka siku hiyo kila nikipata jibu la swali nililouliza narudi naliandika, na nimejifunza kwamba kuliandika vizuri kuna namna yake, maana ukiliandika ovyo linakuwa halina tofauti kubwa na "nimeshapata".

Wengi wanaogopa kwanza, wanahisi kujijibu ni kujisifu au ni kuvunja sheria. Hapana. Stack Overflow, mtandao wa maswali na majibu ya waandika programu, ilianza 2008, na mwaka 2011 Jeff Atwood, mmoja wa waanzilishi wake, aliandika wazi kwenye blogu yao kwamba kuuliza na kujijibu kunaruhusiwa na tena kunahimizwa. Baadaye wakaweka kabisa kisanduku kwenye fomu ya kuuliza, ukikitiki linafunguka eneo la kuandika jibu hapo hapo, swali na jibu vinatoka pamoja. Kuna hadi beji ya mtu aliyejijibu jibu likafikisha alama 3. Quora nako, mtandao wa maswali ya kila aina, unaweza kujijibu. Kwa hiyo ile aibu iweke pembeni, sehemu hizi zimejengwa ili anayekuja kesho akute jibu, na nani kaliandika ni suala la pili.

Haya, twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: hakikisha ulichopata ndicho jibu kweli

Hapa ndipo watu wengi wanaporuka. Umejaribu vitu saba, cha saba kikakubali, unaandika cha saba. Lakini inawezekana cha nne ndicho kilichofanya kazi ila kilihitaji uzime na kuwasha, ukazima na kuwasha ukiwa kwenye cha saba.

Njia ya kujua ni moja tu: rudisha tatizo. Toa ulichobadilisha, angalia kama kosa linarudi, kisha kiweke tena peke yake bila vile vingine sita. Likirudi ukikitoa na likiondoka ukikiweka, hapo una jibu. Kama hairudishiki (labda ulikuwa umeshafuta kitu) sema hivyo hivyo kwenye jibu lako, "sikuweza kurudisha tatizo ila baada ya kufanya hivi halijatokea tena kwa wiki tatu", mtu atajua aamini kiasi gani.

Nikupe mfano nje ya kompyuta kabisa. Cherehani inashona, juu ya kitambaa mshono uko safi, ukigeuza chini unakuta nyuzi zimejikusanya kama kiota. Kila mtu anakimbilia bobini, maana uchafu uko chini. Anabadilisha bobini, anasafisha, anabadilisha sindano, anapitisha uzi upya, imekubali, anaandika "badilisha bobini". Kumbe mara nyingi shida ni uzi wa juu, ulipitishwa mguu wa cherehani ukiwa umeshushwa, na mguu ukiwa chini zile sahani zinazokaza uzi zinakuwa zimebana, kwa hiyo uzi haukuingia katikati yake, unapita hivi hivi bila kukazwa. Ukiinua mguu ukapitisha uzi upya inakaa sawa. Huyu wetu alipitisha uzi upya kwa bahati tu katikati ya mambo mengine, na jibu lake litawapeleka watu kununua bobini. Angerudisha tatizo, yaani ashushe mguu, apitishe uzi, ashone kipande kidogo, angeona kiota kinarudi na bobini mpya ile ile imo ndani.

Hatua ya 2: sachi kwanza, sasa hivi una maneno ambayo hukuwa nayo

Ulipouliza ulikuwa hujui tatizo linaitwaje. Sasa unajua. Sachi tena kwa kutumia jina la chanzo, mara nyingi utakuta lilishajibiwa sehemu, ila lilikuwa limeandikwa kwa lugha ya wanaojua. Ukilikuta usifute swali lako. Weka linki ya lile jibu na ueleze kwa sentensi mbili linahusianaje na dalili zako, au modereta (wasimamizi wa mtandao) wataliunganisha kama swali la kujirudia, na swali lako linabaki kama mlango wa pili kwa watu watakaosachi kwa maneno yako. Hiyo ni kazi nzuri tu. Kama jibu lako ni tofauti na lililopo, liandike kule kule kwenye swali la zamani, watu wasigawanyike sehemu mbili.

Hatua ya 3: rekebisha swali kabla hujagusa jibu

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote na ndiyo inayoamua kama kuna mtu atalifikia jibu lako au la.

Atakayekuja baadaye hajui chanzo. Angekijua asingesachi. Anachojua ni alichokiona kwa macho. Kwa hiyo kichwa cha swali kiseme dalili, kisiseme chanzo. Ukishapata jibu kuna kishawishi kikubwa cha kwenda kubadilisha kichwa kiwe "Umuhimu wa kuinua mguu wa cherehani unapopitisha uzi". Ni kweli lakini hakuna aliyekwama atakayeandika hivyo. Ataandika "uzi unajikusanya chini ya kitambaa nikishona". Acha kichwa kikae kwenye ujinga wako wa mwanzo, ule ujinga ndio anwani ya jibu.

Na kichwa kisiwe "Naombeni msaada" wala "Tatizo la cherehani". Weka kitu kinachofanyika na kinavyokosea.

Ndani ya swali weka: ulikuwa unataka kufanya nini, ulifanya nini hasa, ukatarajia nini, ikatokea nini, na ulivyojaribu vikashindwa. Kama ni kompyuta, maandishi ya eror yaweke kama maandishi, usiweke skrinshoti peke yake, picha haisachiki, na mtu anayekuja kutoka Google anakuja na yale maneno ya eror aliyoyakopi. Punguza kodi (ile mistari ya programu uliyoandika) mpaka ibaki mistari inayotosha kuonyesha tatizo, mtu aweze kuikopi na kuona kosa hilo hilo kwake. Futa paswedi, majina ya watu, anwani, namba, kila kitu kilichojificha kwenye logi (kumbukumbu ambazo programu inaziandika yenyewe), isome logi mstari kwa mstari kabla ya kuiposti, hapo usifanye haraka.

Na jibu lisikae ndani ya swali. Watu wanaediti swali wanaongeza chini "UPDATE: nimepata, ilikuwa hivi". Kwenye mitandao yenye sehemu ya jibu hiyo inaharibu, maana swali linaendelea kuhesabika halijajibiwa, hakuna anayeweza kulipigia kura jibu lenyewe wala kulisahihisha, na wanaojibu wengine wanaonekana kama wanajibu kitu kilichokwisha.

Kama unaposti swali na jibu kwa pamoja kwa sababu tayari unalijua, sheria ni ile ile, tena kali zaidi: swali liandike kama mtu anayeuliza kweli, lisimame lenyewe kiasi kwamba mtu mwingine angeweza kulijibu bila kuona jibu lako. Watu wanaandika aya ndefu ya jibu halafu swali la mstari mmoja, na hayo ndiyo maswali yanayopigwa kura za chini, na kwa kweli yanastahili.

Hatua ya 4: andika jibu

Jibu nililoandika mwishowe kwenye lile swali langu la bakapu, nitakuonyesha lilivyokaa.

Nilikuwa na mstari huu kwenye crontab (faili la amri ambazo programu ya cron inaziendesha yenyewe kwa saa ulizopanga), unaopakia folda kila siku saa nane usiku na kuweka tarehe kwenye jina la faili:

`0 2 * * * tar -czf /bakapu/data-$(date +%F).tar.gz /data >> /bakapu/logi.txt 2>&1`

Nikiipesti amri kwenye terminali (dirisha la kuandika amri) inafanya kazi vizuri, ila usiku faili halitengenezwi, na la ajabu zaidi faili la logi nalo halikuwepo kabisa. Kwenye imeili ya cron ya ndani ya mashine kulikuwa na maneno `unexpected EOF while looking for matching`.

Jibu likaanza na suluhisho, mstari wa kwanza kabisa: weka `\` kabla ya alama ya asilimia, iwe `date +\%F`. Mtu aliyekwama saa nane usiku anataka hilo kwanza, akishapumua atasoma sababu. Usimwanzishie historia.

Halafu sababu. Ndani ya crontab alama ya % ina maana yake ya pekee, cron inaigeuza kuwa mwisho wa mstari, na kila kilichoko baada ya % ya kwanza hakihesabiki tena kama amri, kinapelekwa kwa amri kama maandishi ya kuingizwa. Kwa hiyo shell (programu inayosoma na kuendesha amri) iliona `tar -czf /bakapu/data-$(date +` ikaishia hapo, mabano yamefunguliwa hayajafungwa, ndiyo ikalalamika. Na ile sehemu ya kuandika logi ilikuwa baada ya %, nayo ikamezwa, ndiyo maana hakukuwa na logi ya kunisaidia. Hiki kipande cha logi nilikiweka makusudi, kwa sababu mtu akisoma "na logi pia haikuwepo" anajua papo hapo kwamba anaongelea tatizo lake.

Sababu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukiandika suluhisho tupu unamsaidia mwenye mstari unaofanana na wako. Ukiandika sababu unamsaidia na yule anayetumia amri nyingine kabisa yenye % ndani yake.

Baada ya hapo nikaweka namna ya kujua kama tatizo lako ni hili: mstari wako wa crontab una %? Kama hauna, acha jibu hili, tatizo lako huenda ni PATH (orodha ya folda ambamo mashine inatafuta amri), maana cron inaanza na PATH fupi kuliko ya terminali yako, na amri isiyo na njia kamili inaweza isionekane. Hiyo sentensi moja inamuokoa mtu asipoteze saa nzima kwenye jibu lisilomhusu, na wengi wanaandika majibu bila kuiweka.

Mwisho nikaweka njia nyingine, kuiweka amri kwenye faili la skripti na crontab iite skripti tu, kwa sababu ndani ya skripti cron haisomi chochote, % inabaki %. Na nikataja nilijaribu kwenye mfumo gani na toleo gani. Toleo weka kila mara, majibu ya programu yanazeeka, na asiyeona toleo hawezi kujua kama la kwako limezeeka.

Ukiweka linki ya maelezo, andika kiini chake kwenye jibu lenyewe pia. Kurasa zinafutwa, na jibu ambalo ni linki iliyokufa halina tofauti na "nimeshapata".

Kama ulisaidiwa na AI kufikia suluhisho, lijaribu mwenyewe kisha andika kwa maneno yako ulichokiona. Stack Overflow walizuia majibu yaliyotengenezwa na AI toka Desemba 2022, na huko kwingine soma sheria zao kwanza. Sababu yenyewe inaeleweka, jibu linaweza kuonekana zuri sana na likawa si kweli, na wewe ndiye uliyekuwepo tatizo lilipotokea.

Hatua ya 5: kuposti na kukubali jibu

Liweke kwenye sehemu ya jibu, si kwenye koment. Akaunti ikiwa mpya sana inawezekana ukatakiwa kusubiri au kile kisanduku cha kujijibu usikione, basi subiri au posti swali kwanza jibu lije baadaye, hakuna kinachoharibika.

Kwenye Stack Overflow huwezi kukubali jibu lako mwenyewe mpaka zipite siku mbili toka uulize, na ukilikubali hupati pointi zozote kwa kukubali (mtu mwingine angepata 15). Huwezi pia kujipigia kura, na ukiweka zawadi ya pointi kwenye swali lako, huwezi kujipa mwenyewe. Mimi naona ni sawa kabisa. Pointi zako zitatoka kwa wanaosoma na kulipigia kura. Usifungue akaunti ya pili kujiuliza na kujipigia kura, wanagundua na unafungiwa.

Zile siku mbili zitumie, mara nyingi mtu anakuja na jibu bora kuliko lako. Akija, kubali la kwake. Swali ni lako lakini jibu linalowekwa alama liwe lile litakalomsaidia anayekuja, hata kama wewe ulilipata la kwako kwa jasho.

Hatua ya 6: kama kuna aliyekusogeza

Mara nyingi hujapata peke yako kabisa. Mtu kaacha koment "hebu angalia hiyo alama ya asilimia" ukaangalia, ukapata. Hapo mwambie kwanza, "mkuu, ilikuwa ni hiyo, liandike kama jibu, nami nitalikubali". Mpe siku moja mbili. Asiporudi liandike wewe, na mstari wa kwanza au wa mwisho umtaje kwamba wazo lilitoka kwenye koment yake. Kama kuna mtu alishajibu na jibu lake ndilo lililofanya kazi, usiandike la kwako linalorudia la kwake kwa maneno mengine, kubali la kwake na uongeze koment ya kilichokuwa tofauti kwako. Watu wanakumbuka vitu hivi, na ndio hao hao utakaowahitaji swali lijalo.

Sehemu zisizo na kisanduku cha jibu

Reddit kichwa hakieditiki tena ukishaposti, lakini maandishi ya ndani yanaeditika, kwa hiyo juu kabisa ya posti andika JIBU na suluhisho kwa mistari miwili, maelezo marefu yaweke kwenye koment chini, na kama jamii hiyo ina alama ya "imetatuliwa" iweke. Hapa kuweka jibu ndani ya swali ni sawa, kwa sababu koment zinapangwa kwa kura na la kwako linaweza kuzama.

WhatsApp ujumbe unaeditika kwa dakika 15 tu, hivyo swali la jana huwezi kuligusa. Bonyeza ule ujumbe wako wa swali, chagua kuujibu, ili swali na jibu vikae pamoja, na ndani ya jibu rudia dalili kwa maneno kamili, maana mtu atakayesachi kwenye grupu ataandika dalili. Lakini kusema kweli grupu si mahali pa kutunza jibu, anayejiunga kesho kwa kawaida haoni ya jana. Kama ni jibu uliloligharamia siku mbili, liandike na sehemu ya wazi inayosachika, kwenye grupu uweke linki.

Hatua ya 7: kurudi tena

Washa taarifa za swali lako uone watu wakikoment. Ukipigwa kura ya chini usijibizane, soma tena swali lako, mara nyingi shida iko kwenye swali na si jibu, na ukilirekebisha kura nyingine za chini zinaondolewa.

Koment ninazozisubiri zaidi ni zile za "kwangu haijafanya kazi". Kwenye lile la bakapu angekuja mtu anayetumia taima za systemd (mfumo mwingine wa kupanga amri kwa saa) badala ya cron akasema ameweka `\%F` na bado inagoma, jibu lisingekuwa limekosea, ila lingekuwa na pengo, kwa sababu kwenye mafaili ya systemd % nayo ina maana ya pekee ila inaokolewa kwa kuandikwa mara mbili, `%%F`. Kitu kama hicho usikiache kwenye koment kizame. Kijaribu kwanza, kisha editi jibu, ongeza aya fupi chini yenye kichwa chake, "ukitumia systemd", na umjibu kwamba umeshaongeza.